Mtoto akifika miaka 7 naruhusiwa kwenda kumchukua kwa mama yake?

Kijana_wa_Isevya
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo kwa wanaojua sheria, matusi wekeni pembeni maana mashemeji wameshanitukana ya kutosha. Mimi niko Tabora mjini, mama watoto yuko kwao Ujiji, tumeachana toka mwaka juzi, ndoa ilikuwa ya msikitini, talaka nilitoa moja ya mdomo basi, mahakamani hatujawahi kukanyaga. Watoto wawili, wa kwanza wa kike anatimiza 7 mwezi ujao, mdogo wake wa kiume ana 4. Sasa wazee hapa nyumbani wanasema akifika saba ni wa baba, sheria ndo inavyosema, na mahari nilimaliza yote sidaiwi hata senti. Shangazi ndo kashikilia kabisa nipande treni nikamfuate aanze shule huku, huyo mdogo nimuache kwanza mpaka nae afikie. Je nikienda nikarudi nae kuna kesi hapo? Kusema kweli silali vizuri kwa ajili ya huyu binti, nikipiga simu anasema "baba" halafu ananyamaza, naskia anapumua tu.

teja_wa_dagaa
Kwamba tarehe ikifika anahamia kwako kama laini ya simu 😂 pole mkuu ila shangazi asikupeleke pabaya

Msaidizi_KGM
Ndugu yangu, hiyo ya miaka saba naikuta karibu kila wiki huku Kigoma na wanaoileta ni watu wazima na heshima zao. Iko hivi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inasema mtoto wa CHINI ya miaka saba inachukuliwa ni vizuri akae na mama yake, na hata hilo linapingika, ukiwa na ushahidi kwamba kwa mama hayuko salama unaweza ukapewa hata wa miaka mitatu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo ikalirudia hilo. Lakini hakuna mahali palipoandikwa akitimiza saba anakuwa wa baba, hayo watu wameongeza wenyewe vibarazani. Akivuka saba kinachobadilika ni kwamba mama hana tena ule upendeleo wa kuanzia, mnasimama sawa mbele ya hakimu na hakimu anaangalia mtoto atakuwa na hali nzuri wapi.

Anaangalia nini? Nani amekuwa akimlea siku zote, maana sheria haipendi mtoto ahamishwehamishwe. Umri wake na jinsia yake. Yeye mwenyewe anasemaje kama anaweza kujieleza bila kufundishwa (na hakimu akiona kafundishwa anajua, msijisumbue). Halafu kuna hili ambalo naona hujaliwaza, Sheria ya Mtoto inataka ndugu wasitenganishwe ikiwezekana. Wewe unakuja na mpango wa kumchukua mmoja na kumuacha wa miaka minne, sasa hapo umeshajipunguzia mwenyewe. Mila na mahari vinasikilizwa ndio, ila vinakaa nyuma ya maslahi ya mtoto. Mahari haikununua watoto.

Kuhusu treni, usifanye hivyo. Hata kama leo hakuna amri ya mahakama inayokuzuia, ukimbeba juujuu mama akikimbilia ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, wewe ndo unaanza kesi ukiwa mkosaji. Na ikishatoka amri kwamba akae na mama halafu ukamuondoa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakuhusu moja kwa moja.

Njia yenyewe: anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto, yani Kigoma Ujiji sio Tabora. Anawaita wote wawili. Mkishindwana unafungua maombi mahakamani ya kukaa na mtoto au ya kumuona, na afisa huyo huyo anaweza kuagizwa alete ripoti ya jinsi mtoto anavyoishi pande zote. Shauri la mtoto halisubiri la talaka. Talaka yenyewe ndo inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi, la kata au la BAKWATA (baraza kuu la Waislamu), na hiyo ya mdomo kwa mahakama bado mna ndoa.

Mama_Wawili_Kasulu
Mie naomba niulize swali moja tu baba, hela ya matumizi unatuma? Maana hujaiandika mahali popote, umeandika mahari. Wangu alikuja hivi hivi na wajomba zake wanne, hakimu akamuuliza mwaka mzima umetuma shilingi ngapi akaanza kuangalia dari. Mimi nilikuwa na daftari, ada, sare, hospitali, kila kitu. Matunzo ni jukumu la baba hata kama mtoto hakai kwake, sheria ndo inasema sio mimi.

Baba_Nzega
Kaka mimi yalinikuta, nilikaza nimchukue nikakosa, lakini nilichopata sikukitegemea: likizo zote mbili ndefu anakuja kwangu na simu kila jumapili, imeandikwa kabisa kwenye amri. Afisa ustawi alikuja mpaka nyumbani akaangalia mtoto atalala wapi, na nani atabaki nae nikiwa kazini. Nikasema bibi yake, akaenda kuongea na bibi. Jiandae na hayo. Na weka rekodi za miamala, tuma kwa simu usimpe mtu mkononi. Hali zikibadilika mbeleni unaruhusiwa kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, haifungwi milele.

Kijana_wa_Isevya
Asanteni. Mama Wawili umenishika pabaya, miezi mitano sijatuma, nilisema mpaka nimuone mtoto kwanza. Nimemwambia shangazi sipandi treni akakata simu. Msaidizi, nikianza kutuma leo si itaonekana nimetuma kwa sababu ya kesi?

Msaidizi_KGM
Itaonekana hivyo hivyo. Tuma, na ukienda ustawi ukiulizwa hiyo miezi mitano iseme mwenyewe kabla mama hajaisema.

Mama_Wawili_Kasulu
Na ukipiga simu usimuulize "unataka kuja kwa baba?" Muulize amekula nini.