Naomba ushauri: bakilinki 500 kwa laki na nusu, ninunue?

Habari zenu wakuu, mi nauza asali hapa Tabora mjini, mzigo natoa Sikonge. Nilimlipa dogo mmoja anitengenezee websaiti na kuipandisha Google, sasa kila mwisho wa mwezi ananitumia ripoti, impresheni 2,000, kliki 14, CTR 0.7, yani mpaka nikakaa na kalkuleta ndo nikagundua kumbe hiyo CTR ni asilimia, kliki gawanya kwa impresheni mara mia, kwa hiyo websaiti imetokea Google mara elfu mbili ila walioingia hawajazi hata hiace! Kiwodi (neno la kutafutiwa Google) aliyoweka ni "asali", basi, wakati mteja wangu anaandika "asali mbichi Tabora bei ya lita", si ndo hapo tunapotea?

Sasa anataka laki na nusu aninunulie bakilinki 500, yani linki kwenye websaiti za watu zinazoleta kwangu, na nikisoma Google wenyewe wanasema linki za kununua ili upande ni kosa, unaweza kushushwa. Za halali zinapatikanaje? Au hiyo hela niweke tangazo Facebook tu? Na baunsi reti (asilimia ya wanaoingia na kutoka hapo hapo) 80 ni nzuri kweli, maana dogo anasema ikiwa kubwa ndo poa (nna mashaka, jina lenyewe linadunda). Msinicheke, asali naijua, haya mengine bado.