Tumeuza kazi zetu kwenye tamasha, wiki ya tano hii hela bado wanazo waandaaji

Wanajamvi, salaam. Jambo hili nimekaa nalo kifuani mwezi mzima nikijiambia labda kesho, labda Ijumaa. Leo nimechoka kungoja. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mimi ni mchoraji. Nachora Mji wa Kale wa Mombasa: milango, baraza, vichochoro, majahazi yakiwa yamepumzika bandari ya zamani. Nachorea nyumbani, chumba cha nyuma, na kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya wanangu wawili. Sina duka. Watu kama mimi tunategemea matamasha na maonyesho ya mitaani, kwa hivyo tukialikwa tunakwenda mbio.

Tamasha lenyewe lilikuwa upande wa Nyali, siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Waandaaji siwataji jina hapa. Wao wanajijua, na sisi tuliokuwa pale tunawajua. Masharti yalikuwa haya: meza shilingi 3,500 unalipa mbele, kila mteja alipe kwa nambari moja tu ya Lipa na M-Pesa, yao, wao wakate asilimia 20, salio turudishiwe ndani ya siku saba. Sababu tuliyopewa ni usalama, kwamba hawataki hela taslimu zizagae uwanjani usiku. Nikaona maneno ya watu wazima. Nikakubali, nikalipa siku hiyo hiyo.

Jumamosi saa moja asubuhi nikafika na tuktuk, picha kumi na nane zimefungwa shuka. Ramani waliyotutumia ilionyesha meza za wasanii zikiwa langoni, mkono wa kulia ukiingia. Kijana wa mapokezi akaniambia, "Mama, nyinyi mmehamishwa." Tumehamishwa wapi? Nyuma ya wauza vyakula, kando ya jenereta. Siku mbili tulivuta moshi wa dizeli na kuongea kwa kupiga kelele. Langoni palikuwa na mahema ya makampuni, na katikati yao meza ndefu ya picha za kuchapishwa kwa mashine, zile zinazokuja zimeviringishwa ndani ya makatoni. Jahazi lile lile, machweo yale yale, nakala kwa nakala. Juu pametundikwa kitambaa kimeandikwa Sanaa ya Pwani. Mgeni akiingia anakutana na hiyo kwanza, ananunua ya bei rahisi, anaondoka akiamini amenunua mkono wa mtu wa Mombasa.

Lakini hata hayo ningeyameza. Mvua ya kusi ya Jumamosi mchana, hema likivuja, mimi na jirani yangu tukishikilia turubali kwa mikono, nayo ningeimeza. Hali ya hewa si ya mtu.

Taa ndiyo iliyonichoma roho. Mtu yeyote aliyelelewa mji huu anajua watu hawatoki mchana. Jua la saa nane ni la kukaa ndani. Watu wanaanza kutoka baada ya Alasiri, na baada ya Magharibi ndio umati wenyewe, mabibi na watoto na wajukuu. Saa kumi na mbili na nusu giza limeingia, jukwaa linawaka kama mchana, wauza vyakula wana taa zao, na safu yetu nzima haina hata balbu moja. Jenereta iko hatua tano kutoka meza yangu! Nilimwendea msimamizi mara tatu. Mara ya tatu akaniambia nyaya hazikutosha.

Basi picha zetu zikawa zinaangaliwa kwa tochi za simu. Nilikuwa na picha moja kubwa ya Ndia Kuu baada ya mvua, ile saa kuta za chokaa zinapolowa na ukaona chumvi ilivyozila miaka na miaka. Nilikaa nayo wiki tatu. Ile rangi ya ukuta pekee, si nyeupe, si njano, nilihangaika nayo siku mbili kabla haijakaa. Jumapili usiku akaja baba mmoja na mkewe, mkaazi wa Kizingo kwa maneno yake, akaimulika kwa simu kipande kwa kipande, kona hii, kona ile, kama mtu anayetafuta pete mchangani. Akasema nyumba ya babu yake ilikuwa barabara hiyo. Hakubishana bei. Shilingi 18,000, akalipa kwa ile nambari, akanionyesha ujumbe wa M-Pesa na jina la waandaaji limeandikwa wazi. Nikamfungia picha kwenye shuka langu mwenyewe.

Siku zote mbili niliuza hiyo kubwa na nne ndogo za 2,500. Jumla 28,000. Toa asilimia 20 yao, yaani 5,600. Yangu ni 22,400. Mpaka naandika hapa sijapokea hata shilingi.

Siku saba zikapita, kimya. Siku ya kumi tukauliza kwenye kundi la WhatsApp, tukaambiwa mhasibu amesafiri. Wiki ya pili tukaambiwa tujaze fomu kwenye intaneti. Tukajaza. Wiki ya tatu fomu ikawa na kasoro, tujaze tena. Wiki ya nne ndipo likaja neno lililonifanya niandike uzi huu. Tuliambiwa tuwe na subira kwa sababu wafadhili wa tamasha bado hawajakamilisha malipo yao.

Hebu mnisaidie. Yule baba wa Kizingo si mfadhili wa tamasha. Alinunua picha yangu, akalipa palepale, nikaona kwa macho yangu. Hela yake na hela ya wafadhili zinakutana wapi? Zinakutana mahali pamoja tu: kama ile yetu imeshatumika kulipia jukwaa na spika, na sasa wanangoja ya wafadhili ili waizibe. Mimi sioni maelezo mengine, na kama yapo, wanajua nilipo na wana nambari yangu, waniambie. Hela ile ilikuwa amana. Walipewa mtoto wamshike, hawakupewa wamlee. Hawakuwa na haki ya kuigusa hata kwa siku moja.

Na mimi afadhali, nina simu ya maana na najua kuandika. Meza ya jirani yangu kushoto alikuwapo bi mkubwa mmoja anayeshona kofia za vito. Wasiojua wajue: kofia ile inatobolewa vitundu vidogo vidogo kwa mkono, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano mpaka kisimame. Kofia moja nzuri inamla miezi miwili, na macho yake si ya ujana. Aliuza mbili. Fomu ya intaneti hawezi kuijaza, simu yake ni ile ya vibonyezo. Kila Ijumaa ananipigia: "Mwanangu, vipi, hawajasema kitu?" Sina cha kumjibu. Ijumaa iliyopita niliiacha simu ikaita mpaka ikakatika, na sikulala usiku ule.

Kulia kwangu alikuwa mzee mchongaji. Anachonga mwarobaini siku hizi kwa sababu mpingo umekuwa adimu na ghali. Kila kinyago chake kina nambari chini, na ana daftari: nambari fulani, bei fulani, aliyenunua, saa. Daftari hilo limekuja kuwa silaha yetu, nitaeleza. Watu wanaosema wasanii hatujui hesabu waende Changamwe wakautazame ushirika wa wachongaji wa Kikamba. Umekuwapo tangu 1963, wachongaji wenyewe wakiuza pamoja na kugawana. Wasanii wa mji huu wamejua kutunza hela za wenzao kabla baadhi ya waandaaji hawa hawajazaliwa.

Tena kuna hili la bango, nalisema upesi maana likinikaa kichwani nitavunja kitu. Juzi wametoa bango la tamasha lao lijalo. Nyuma ya maandishi yao kuna mlango wa Mji wa Kale. Mlango huo ni wangu. Nimeuchora mimi, ulikuwa mezani kwangu, mpiga picha wao akaja akaupiga akisema ni kumbukumbu. Hawakuniomba ruhusa, na jina langu halipo hata kwa herufi ndogo. Sheria ya Hakimiliki ya nchi hii, ya mwaka 2001, inalinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata ningekuwa nimeiuza picha yenyewe, haki ya kuinakili haiendi na picha. Nenda Biashara Street ukashike kanga ya Mali ya Abdulla. Wale wameanza 1887, na mpaka leo jina limechapwa kwenye kitambaa, kila mama akijifunga analo. Kanga inayofuliwa na kufungiwa watoto inabeba jina la mwenyewe, na mlango wangu unatangaza shughuli ya watu bila jina.

Najua kuna watakaokuja hapa waseme, "Lakini mmejulikana, mmepata nafasi." Hilo neno nimelisikia miaka kumi na moja na nalichukia. Mwenye jenereta alilipwa. Mwenye mahema alilipwa, namjua, ni mtu wa Kisauni na alichukua nusu yake kabla hajashusha nguzo hata moja. Mlinzi wa lango alilipwa. Hakuna aliyewaambia hao wafurahi kwa kujulikana. Waliofanya kazi bure ni wale wale ambao bango liliwaita watu kwa jina lao, wasanii wa Pwani. Na hatukufanya bure tu: tulilipa 3,500 kila mmoja ili tufanye bure, halafu tukawaachia na mauzo.

Wengine mtauliza kwa nini tulikubali kulipwa kupitia nambari ya mtu. Ni swali la haki. Tulikubali kwa sababu tulitaka meza, na ukikataa yuko mwingine nyuma yako atakayekubali. M-Pesa ipo tangu 2007. Hapana mama anayeuza mahamri asubuhi asiyekuwa na njia ya kupokea hela yake mwenyewe. Kila msanii angeweza kulipwa kwa nambari yake, akawapa waandaaji asilimia yao jioni kwa daftari lililosainiwa pande mbili. Sitaweka tena kazi yangu kwenye meza yoyote bila hilo, na nawaomba wasanii wenzangu tushikane hapo. Tukikataa kumi, wataleta wengine. Tukikataa hamsini, bango lao litakuwa na jukwaa na chipsi peke yake.

Sasa tunachofanya. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hela yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, unasimama mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nimekwenda kuuliza, karani alinielekeza vizuri bila dharau. Ushahidi ndio wanaoutaka. Mimi nina risiti ya meza, nina yale masharti yao kwenye WhatsApp, na nilimtafuta yule baba wa Kizingo kupitia kwa fundi wa fremu aliyempelekea picha. Amenitumia ujumbe wake wa M-Pesa bila kusita. Aliudhika kuliko mimi.

Kwa hivyo, kama ulinunua chochote kwenye safu ile ya giza kando ya jenereta, kikoi, kinyago, kofia, mkeba wa hina, mkeka, picha, tafadhali usiufute ujumbe wa malipo. Nitumie humu kwa faragha, niambie ulinunua nini na siku gani. Daftari la mzee lina saa za mauzo, tunalinganisha. Kama ulikuwa na meza na hujalipwa, nitumie jumla yako na risiti yako. Usione haya kwamba ni kidogo. Elfu mbili yako ni yako.

Na mwandaaji yeyote anayesoma: msinipigie simu usiku kuniomba nifute uzi. Mmoja ameshapiga jana, baada ya kusikia nimekwenda mahakamani. Lipeni, nitaandika hapa hapa kwamba mmelipa, na tarehe nitaiweka.

Nyongeza, Alhamisi usiku: Tumefika meza kumi na nne. Leo mchana mimi nimetumiwa 22,400, peke yangu, na ujumbe kwamba sasa "tumemalizana". Hatujamalizana. Nimempigia bi mkubwa kuuliza kama amepata chake. Hajapata. Mzee hajapata. Jina langu nimeliacha kwenye orodha kama shahidi, na Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda wote kuwasilisha madai. Bi mkubwa nampitia mimi kwa tuktuk.