Mwanangu wa sikoseli ameombwa aingie kwenye majaribio ya dawa, nisaini au nisisaini?

mama_wawili_mbagala

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana toka juzi silali vizuri. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kliniki tunahudhuria hospitali moja ya chuo kikuu hapa Dar toka akiwa na mwaka na nusu. Anakunywa haidroksiyurea na foliki na namshukuru Mungu mwaka huu tumelazwa mara moja tu.

Sasa jumanne tumemaliza kuonana na daktari tukaambiwa tupite chumba cha pembeni, nikamkuta dada mmoja mpole akanieleza kuna utafiti wa vidonge vipya, mtoto anaendelea na dawa yake ya siku zote alafu anaongezewa hicho kingine, akanipa fomu ya kurasa 14 nikasome nyumbani. Nimefika ukurasa wa tano nikachoka. Nilichoelewa ni kwamba kompyuta ndo itagawa watoto makundi mawili, hawa wanapata dawa, hawa wanapata kidonge kinachofanana nayo kabisa ila ndani hakina dawa, na hata daktari mwenyewe hatajua nani kapewa kipi. Sasa daktari asiyejua mwanangu anameza nini atamtibuje? Na mtoto mgonjwa anapewaje kidonge hewa jamani?

Mama yangu kasema wanataka kumfanya panya mjukuu wake. Baba yake yuko safari, anasema amua wewe uliyekaa nao. Jumatatu natakiwa nirudi, na kingine kinachonitisha ni kwamba nikikataa wataninunia pale kliniki na sina pengine pa kumpeleka.

Kitwana77

Dada usisaini, huo ndo ushauri wangu na nausema kwa nia njema. Soma habari ya Tuskegee kule Alabama Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliambiwa wana "damu mbaya" na wanatibiwa, kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa unavyowala, toka 1932 mpaka 1972! Penisilini ilishakuwa tiba inayojulikana miaka ya arobaini na bado hawakupewa. Na usidhani ni mambo ya zamani, kuna dawa ya sikoseli inaitwa Oxbryta, Marekani waliipitisha 2019, Septemba 2024 kampuni ikaitoa sokoni dunia nzima, sababu kwenye majaribio waliokufa upande wa waliopewa dawa walikuwa wengi kuliko wa upande wa pili. Na Kenya ni moja ya nchi walikotolewa watoto wa majaribio hayo. Mtoto wako saivi ana nafuu, unahangaika na nini?

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Mama pole na hongera kwa kumlea mpaka miaka 8 akiwa na nafuu, hiyo sio kazi ndogo. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye tafiti za hospitali, nakujibu kama ambavyo ningemjibu dada yangu tumbo moja, sio kama mtu anayetafuta saini yako.

Kitwana hajasema uongo hata kimoja. Ila hiyo Oxbryta ndo ikuonyeshe kidonge hewa kina kazi gani. Watoto wa sikoseli wanapata homa, wanapata mshtuko wa maumivu, na wengine wanafariki hata wasipokuwa kwenye utafiti wowote, kwa iyo mtoto akifariki akiwa anameza dawa mpya utajuaje ni dawa au ni ugonjwa? Unajua kwa sababu kuna kundi jingine la kulinganisha nalo. Bila lile kundi ile dawa ingekuwa bado inauzwa leo na wazazi wanajichangisha kuinunua.

Alafu nikwambie kitu ambacho akina mama wengi hawajui. Hiyo haidroksiyurea anayokunywa mwanao, madaktari wa Afrika waliiogopa kwa muda mrefu. Ni dawa iliyoanzia kwenye saratani, inashusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa, na huku kwetu kuna malaria, watu wakawa wanajiuliza si tutawaua hawa watoto kwa malaria? Jibu lilipatikana Mulago, Kampala, hospitali wanayosomea madaktari wa Makerere. Watoto wadogo 208 wa sikoseli, nusu wakapewa haidroksiyurea nusu wakapewa kidonge hewa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2017, malaria haikuongezeka kwa waliokunywa dawa na kuumwa kwao kulipungua. Wale wa kidonge hewa mwaka ulipoisha nao wakapewa dawa. Kuna akina mama kama mia moja pale Kampala ambao watoto wao walimeza kidonge kisicho na kitu, na wewe leo unampa mwanao haidroksi bila hofu kwa sababu yao. Mimi kila nikiwafikiria hao mama naguswa sana.

Sasa la daktari kutojua. Hajui ni kidonge kipi kwenye kile kichupa, ila anajua kila kitu kingine kuhusu mwanao, na haidroksi yake inaendelea ileile. Kila kichupa kina namba, na siri ya namba imetunzwa sehemu ambayo mtoto akipata dharura usiku wa manane inafunguliwa ili atibiwe ipasavyo. Ulizia hiyo, sema "mwanangu akizidiwa saa nane usiku nampigia nani na nani anafungua siri", wakikujibu kwa kubabaika ondoka. Na pia kuna kamati ya usalama ya watu wa nje ya utafiti, hao katikati ya safari wanaangalia kundi gani linaumia. Utafiti wa pili uliofanyika kwa watoto walewale wa Kampala, ulikuwa unalinganisha dozi ya haidroksiyurea isiyobadilika na dozi inayopandishwa taratibu, ulisimamishwa kabla ya muda wake maana waliopandishiwa walikuwa wanaumwa mara chache sana kuliko wenzao, ikaonekana kuwaacha wengine kwenye dozi ndogo sio haki.

Angalia fomu imeandikwa awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza ni watu wachache sana, mara nyingi wazima, wanatafuta tu kama dawa ina madhara na dozi iwe ngapi. Ya pili wagonjwa kiasi, wanaangalia kama inaelekea kufanya kazi. Ya tatu ndo wagonjwa wengi na makundi kama uliyoelezwa. Kwa mtoto mwenye nafuu ningekuwa mgumu sana awamu za mwanzo, ya tatu naweza kukaa nikasikiliza. Angalia na vibali, hapa Tanzania lazima NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wapitishe upande wa maadili na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wapitishe dawa yenyewe, na kwenye fomu kunakuwa na simu ya kamati ya maadili, sio simu ya mtafiti peke yake. Piga hiyo simu, ni haki yako. Na bima ya mshiriki iwepo, kwa ajili ya madhara yakitokea.

Kuhusu kununiwa. Kusaini ni hiari, kukataa ni hiari, na hata ukisaini leo unaweza kutoka kesho bila kutoa sababu, na kliniki yako inabaki palepale. Na mtoto wa miaka 8 anatakiwa aelezwe kwa lugha yake na aulizwe, akisema hataki sindano za ziada hilo nalo ni jibu. Ila niwe mkweli, daktari anayekutibu akiwa ndo huyohuyo anayefanya utafiti, mama unasita kumkatalia usoni, nimeliona hilo sana. Ndo maana mwambie yule dada unataka muda zaidi. Jumatatu sio mwisho wa dunia.

Bi_Mwanaidi_wa_Tanga

Mimi wangu aliwahi kuwa kwenye utafiti, sio wa sikoseli, sitataja wapi. Mazuri yalikuwepo, nilikuwa na namba ya nesi, nikipiga usiku anapokea, vipimo sikulipia, foleni sikukaa. Mtoto akikohoa tu wanataka wamuone.

Mabaya sasa, niliambiwa nauli nitarudishiwa kila nikija, ikafika mahali narudishiwa baada ya miezi miwili na mimi nauza maandazi, hela ya kuja kila baada ya wiki mbili natoa wapi? Na lililoniuma kuliko yote, utafiti ulipoisha uliisha kama umeme ulivyokatika. Ile namba haipokelewi tena, tukarudi kwenye foleni kama zamani, na mpaka leo hakuna aliyeniambia mwanangu alikuwa kundi gani wala dawa ilifanya kazi au haikufanya. Mtoto wangu alitoa damu yake miaka miwili jamani! Si waniambie hata kwa ujumbe wa simu? Kwa iyo mwanangu uliza MAPEMA ikiisha inakuwaje, dawa ikionekana nzuri yeye ataendelea kuipata? Kwa muda gani? Nani analipa? Na wakuonyeshe palipoandikwa.

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Bi Mwanaidi pole mama yangu, hapo tulikosea na nasema tulikosea kwa sababu nimeona ikitokea nikiwa upande wa ndani. Kurudisha majibu kwa wazazi huwa kunaachwa mwisho, na mwisho hela zimeisha na watu wameshahamia mradi mwingine. Swali lako ni zito kuliko yote niliyoandika mimi.

mama_wawili_mbagala

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mama yangu nimemsomea. Alinyamaza pale kwenye mama wa Kampala, akasema "kumbe". Nimeangalia fomu ni awamu ya tatu na namba ya kibali ipo. Nesi nina swali, imeandikwa damu itachukuliwa kila mwezi na nyingine itahifadhiwa na inaweza kupelekwa nje ya nchi. Huyu mtoto damu yenyewe haimtoshi, HB (kipimo cha wingi wa damu) ni 7, na hiyo ya nje wanapeleka kufanyia nini?

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Waulize ni vijiko vingapi vya chai kila safari, lazima kiasi kiandikwe, na waulize HB ikishuka chini ya ngapi wanaacha kuchukua. Ya kupeleka nje inahitaji mkataba na kibali chake, na mara nyingi ina sehemu yake ya kusaini peke yake, unaweza kukubali utafiti ukakataa damu kuhifadhiwa. Soma kurasa za mwisho, huko ndo inapojifichaga.

Kitwana77

Nesi nimekuelewa hapo kwenye kundi la kulinganisha, sikuwahi kuliangalia hivyo. Bado nasimama na ushauri wangu kwa mtoto mwenye nafuu, ila walau aulize hayo yote kwanza.

mama_wawili_mbagala

Nimerudi wadau, jana tulienda. Nilimwambia yule dada sijaja kusaini nimeja kuuliza, akavuta kiti akakaa. Damu ni vijiko viwili vya chai, HB ikiwa chini ya 6 hawachukui. Simu ya usiku nilimwambia tuipige palepale, ikapokelewa. Mwanangu naye aliulizwa, akauliza kidonge ni kikubwa kama kile cha malaria, akaonyeshwa picha akasema hicho anaweza.

La Bi Mwanaidi ndo limekwama. Dawa ikionekana nzuri ataendelea kupewa? Dada akamuita daktari, daktari akafungua fomu akatafuta, akasema ni kweli hapa hapajaandikwa vizuri, ataulizia kwa wenye utafiti na atanipa jibu la maandishi. Fomu nimerudi nayo nyumbani, iko juu ya kabati na sijasaini.