Vichwa vya treni vya kundi la GM: kwa nini reli ya Nullarbor iliacha mvuke mapema hivyo?

Mwanareli wa Voi ameuliza:

Salaam, wadau wa reli. Nimekuwa nikifuatilia historia ya vichwa vya treni vya kundi la GM vilivyotumiwa na Commonwealth Railways, yaani shirika la reli la serikali ya shirikisho ya Australia, na yapo mambo mawili ambayo sijayaelewa sawasawa.

La kwanza ni wakati wenyewe. GM1 ilianza kazi Septemba 1951, na haukupita muda mrefu kabla ya dizeli kushika karibu treni zote kuu za njia inayokatiza uwanda wa Nullarbor. Huku kwetu, Reli za Afrika Mashariki zilikuwa bado zikipokea Garratt za kundi la 59 kutoka Manchester mwaka 1955 na 1956, mashine 34 kubwa za mvuke, ambazo mbili kati yake zinaonekana hadi leo katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Je, Australia ilikuwa na fedha zaidi, au ipo sababu ya kiufundi iliyoisukuma?

La pili ni umbo. Vichwa hivi 47 vimepewa herufi moja na namba zinazofuatana, lakini michoro inaonyesha kwamba GM1 hadi GM11 ni A1A-A1A (ekseli 6, nne tu zikiwa na mota), ilhali kuanzia GM12 ni Co-Co (ekseli zote 6 zina mota). Nafahamu maana ya alama hizo. Nisichofahamu ni kwa nini shirika dogo lililotaka vipuri vinavyofanana lilibadili jambo la msingi kiasi hicho katikati ya safari.

Fundi Boila amejibu:

Ndugu Mwanareli, jibu la swali la kwanza ni maji.

Njia hiyo ilianza kujengwa mwaka 1912, na mafundi waliokuwa wakitandika reli kutoka mashariki na magharibi walikutana Ooldea tarehe 17 Oktoba 1917. Kutoka Port Augusta hadi Kalgoorlie ni takriban kilomita 1,690, na katika urefu huo wote reli haivuki hata mto mmoja wenye maji ya kudumu. Watalii husimuliwa habari za kile kipande cha kilomita 478 kilichonyooka bila kona, ambacho ni kirefu kuliko kingine chochote duniani. Mtu wa karakana alikuwa akiwaza visima.

Maji ya visima virefu vya Nullarbor yana chumvi nyingi, na wewe unayekaa pwani au karibu nayo utaelewa haraka kinachotokea maji hayo yakichemshwa kutwa kucha ndani ya chombo cha chuma: mvuke unatoka, chumvi inabaki, na kila tanki jipya linaongeza chumvi juu ya chumvi. Gamba linaganda kwenye mabomba, joto la moto linashindwa kupita kuingia kwenye maji, na chuma kinachotakiwa kupozwa na maji hayo kinaanza kuungua, kuvimba na hatimaye kuvuja. Isitoshe, maji yenye chumvi hutoa povu, na povu likipanda hadi kwenye njia ya mvuke huingia kwenye silinda pamoja na uchafu wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi za matengenezo katika njia hiyo ilikuwa ni kazi za boila, wala si magurudumu au breki. Shirika lilijaribu kuyatibu maji kwa dawa, likajenga mabwawa ya kukinga mvua ambayo haikuwa na mazoea ya kunyesha, na likayasafirisha maji kwa matanki ya reli. Makaa ya mawe nayo yalitoka New South Wales. Treni inayobeba maji yake na makaa yake yenyewe inavuta mzigo ambao hakuna mteja anayeulipia nauli.

Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba dizeli ilishinda kwa misuli. GM1 ilikuwa na nguvu za farasi 1,500, kiwango ambacho mashine kubwa ya mvuke iliweza kukifikia bila taabu. Ushindi wake ulikuwa kwamba maji pekee iliyoyahitaji ni yale ya kupoza injini, ambayo huzunguka na kurudi yalikotoka, na kwamba haikulazimika kukatwa kwenye treni kila baada ya kipande fulani ili mashine nyingine iliyosafishwa boila ichukue nafasi. Hapo ndipo utakapoelewa jinsi vichwa 11 tu vilivyofika mwaka 1951 na 1952 vilivyoweza kuchukua kazi ya kundi kubwa zaidi la mashine za mvuke.

Kuhusu Garratt zetu, hali haikuwa hiyo. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa, na ingawa nyika ya Taru na Tsavo ni kavu, ni kipande kifupi ukilinganisha na Nullarbor, na treni ziliweza kujaza maji katika vituo vya njiani. Mvuke huku ulikuwa bado na hoja za kujitetea. Kule hoja zake zilikwisha.

Chuma Mkongwe amejibu:

Nakubaliana na Fundi Boila, nami nitashika swali la pili, kwa sababu majibu yake yamo chini ya fremu, mahali ambapo wapiga picha wengi hawatazami.

Vichwa hivi vilijengwa na Clyde Engineering katika karakana yake ya Granville, Sydney, kwa leseni ya kitengo cha General Motors kilichotengeneza vichwa vya treni huko La Grange, Illinois. Sura yake, ile pua nene iliyoviringana ambayo juu yake wamekaa dereva na msaidizi wake, imetoka moja kwa moja kwa F7, kichwa cha dizeli cha Marekani. Lakini F7 inasimama juu ya ekseli 4. Reli za Australia za wakati ule zilikuwa nyepesi kuliko za Marekani, na uzito ule ule ukigawanywa kwa ekseli 4 ungeziumiza. Clyde wakaugawanya kwa 6: fremu mbili za magurudumu, kila moja ikiwa na ekseli tatu, na ile ya katikati ikawa ya kubeba tu, haina mota. Hiyo ndiyo A1A-A1A.

Upungufu wake unaonekana treni inapoanza kuondoka. Dereva wa kichwa cha namna hii hana gia za kubadili. Ana wenzo wenye ngazi 8. Akiuvuta hadi ngazi ya kwanza, injini inanguruma kidogo, jenereta inapeleka umeme kwenye mota zilizoshikana na ekseli, na mshale wa kipimo cha mkondo unapanda huku treni ikiwa bado haijasogea. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa zaidi katika mwendo mdogo kabisa, na wakati huo swali si injini ina nguvu kiasi gani, bali magurudumu yanaweza kuishika reli kiasi gani kabla ya kuteleza. Katika A1A-A1A, takriban theluthi moja ya uzito wa kichwa imekaa juu ya magurudumu yasiyosukuma chochote. Kwa treni ya abiria kwenye uwanda ulionyooka kama meza, hasara hiyo inavumilika. Kwa treni ya makaa ya mawe, haivumiliki.

Na makaa ya mawe ndiyo yaliyokuwa yakija. Mwaka 1957 ilifunguliwa njia mpya ya upana wa milimita 1,435 kutoka Stirling North, jirani na Port Augusta, kwenda Marree, na mzigo wake mkubwa ulikuwa makaa ya Leigh Creek yaliyopelekwa kwenye kituo cha kufua umeme cha Port Augusta. GM12 ilitoka kiwandani mwaka 1955 ikiwa na mota kwenye ekseli zote 6 na injini iliyoboreshwa yenye nguvu za farasi 1,750. Sioni kuwa mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Mfululizo uliendelea kwa mafungu hadi GM47 mwaka 1967, na kwa maoni yangu ingekuwa haki zaidi fungu la pili lipewe herufi yake lenyewe, kwa kuwa mpangaji wa treni aliyeandika GM tupu kwenye karatasi alikuwa hajasema neno la maana bado.

Kuhusu vipuri, wasiwasi wako haukuwatesa sana. Injini za mafungu yote ni za familia ya 567, namba inayotaja ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo. Silinda 16 zimepangwa kwa umbo la V, na injini ni ya mipigo miwili: kipulizio kinasukuma hewa safi kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda pistoni inapofika chini, na moshi unatoka juu kupitia vali nne. Silinda iliyochoka huchomolewa pamoja na pistoni yake na kuwekwa nyingine, bila kuishusha injini yote. Kwa shirika ambalo karakana zake ziko kwenye ncha za njia inayokatiza jangwa, jambo hilo lina thamani kuliko nguvu za farasi mia mbili za ziada.

Kaskazi amejibu:

Maelezo ni mazuri, ila naomba tuweke sawa jambo moja kabla halijazoeleka, maana mara kwa mara nakutana na madai kwamba GM1 ndiyo dizeli-umeme ya kwanza ya njia kuu nchini Australia. Sivyo. Tasmania ilikuwa na kundi lake la X, lililojengwa Uingereza na English Electric, tangu mwaka 1950. Shirika la reli la Australia Kusini lilizindua kichwa chake cha kwanza cha kundi la 900, kilichoitwa Lady Norrie na kujengwa katika karakana yake yenyewe ya Islington, Septemba hiyo hiyo ya 1951. New South Wales nayo ilipokea kundi la 40 kutoka Montreal kabla ya mwaka huo kwisha. GM1, iliyopewa jina la Robert Gordon Menzies, Waziri Mkuu wa wakati huo, ilikuwa moja katika msururu.

Sifa yake ya kweli ni uzao. Baada yake Clyde waliijengea Victoria vichwa 26 vya kundi la B kuanzia 1952, vyenye pua mbele na nyuma. Kisha kundi la 42 la New South Wales na kundi la S la Victoria, ambayo ni ndugu wa karibu wa GM12. Kumbukeni pia kwamba dola ilikuwa adimu katika nchi zilizotumia pauni. Kununua kichwa kizima Marekani kulikuwa kugumu. Kujenga bodi na fremu Granville na kuagiza sehemu ambazo hazikuweza kupatikana kwingine kulivumilika.

Anayetaka kupima busara ya uamuzi huo aitazame Australia Magharibi, jirani wa upande wa pili wa Kalgoorlie. Wao walichagua bidhaa ya Uingereza, vichwa 48 vya kundi la X vyenye injini za Crossley, nazo pia ni za mipigo miwili lakini hazina vali za moshi. Zilivuja mafuta, zilitetemeka, zilikwama, na ziliwapa mafundi kazi isiyokwisha. Ireland ilinunua vichwa 94 vyenye injini za mtengenezaji huyo huyo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilizing'oa karibu zote na kuweka za General Motors.

Mwanareli wa Voi ameandika:

Nawashukuru nyote. Limebaki swali dogo: wale waliokuwa wakiishi kando ya njia kwa ajili ya kuhudumia mashine za mvuke walikwenda wapi? Na vichwa vyenyewe viliishia wapi?

Mama Kituo amejibu:

Mwanangu, hawakuondoka wote mara moja. Wapiga maji, wachoma makaa na waosha boila ndio waliokosa kazi kwanza, lakini reli yenyewe bado ilihitaji watu wa kuikaza na kubadili mataruma, na wao waliendelea kuishi na familia zao katika makambi ya uwandani. Treni iliyoitwa Tea and Sugar iliwapelekea maji, nyama, mboga na mishahara. Ilikuwa na behewa la duka na behewa la mchinjaji, na ilifanya kazi hiyo hadi mwaka 1996. Kwa miaka mingi iliyovuta duka hilo ni hizi hizi GM. Mji wa Cook, uliokuwa na shule na hospitali yake, ulibaki karibu mtupu baada ya mwaka 1997, na siku hizi ni mahali pa kujaza mafuta na kubadilishana madereva.

Vichwa vyenyewe vilishuka daraja polepole. Treni ya Indian Pacific ilipoanza kwenda Sydney hadi Perth mwaka 1970, Clyde walikuwa wakijenga kundi la CL, vichwa 17 vya nguvu za farasi 3,000, na hivyo ndivyo vilivyopewa treni za fahari huku GM zikisogezwa kwenye mizigo. Mwaka 1975 shirika likamezwa na Australian National, na rangi ya damu ya mzee na fedha ikaanza kufunikwa kwa kijani na manjano. Australian National ilipouzwa mwaka 1997, GM kadhaa zilikwenda kwa makampuni binafsi ya mizigo, nazo ziliendelea kuvuta katika karne hii. GM2, ya fungu la kwanza, imewekwa katika makumbusho ya reli ya Port Adelaide, na ukiinama pale ubavuni utaiona ile ekseli ya katikati isiyo na mota.