Kutenga ukuta mmoja wa kazi za wazawa ndo ujumuishaji wenyewe?

Tunu_M:
Wadau habari zenu, naomba mawazo. Kikundi chetu kinaandaa maonyesho ya sanaa na kila kikao watu wanasema lazima tuwe jumuishi, tusiwaache nyuma wasanii wa jamii za asili, sasa pendekezo lililopo ni kutenga ukuta mmoja tuweke kazi zao. Mi moyo haujatulia kabisa. Masharti ni yaleyale, fomu inataka jina la msanii mmoja, bei ya kila kazi, na ruhusa ya kupiga picha zote ziende mtandaoni. Yaani tumewafungulia mlango ila sheria za nyumba hatujagusa hata moja. Hivi inatosha kweli?

MzeeWaBrashi:
Haitoshi dada, na umegusa penyewe, anza na hiyo fomu. Kuna kesi ya Australia ya 1998, mchoraji mzawa Johnny Bulun Bulun, kampuni iliingiza nchini na kuuza vitambaa vyenye mchoro wake bila ruhusa akaenda mahakamani, na mwenzake akaingia kwa niaba ya watu wa ukoo wao wa Ganalbingu kwa sababu ule mchoro unahusu ardhi yao na chimbuko lao. Jaji akasema hakimiliki ni ya msanii, sawa, lakini msanii naye ana wajibu kwa watu wake, hawezi kuutumia mchoro kinyume na mila zao. Sasa fomu yenu yenye nafasi ya jina moja na sahihi moja, mtu kama huyo anaijazaje? Anayetoa ruhusa pengine ni wazee, na pengine hata hawachori.

kilimia:
Naongezea hapo. Watu wengi bado wana picha ya msanii mmoja amejifungia chumbani na kipaji chake, ndo maana kazi za kufuma, ususi na ufinyanzi zikaitwa kazi za mikono zikawekwa pembeni, na wafumaji wengi ni akina mama. Biennale ya Venice 2024, yale maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, tuzo ya Simba wa Dhahabu ya washiriki ilienda kwa Mataaho Collective, wanawake 4 wa Kimaori, wazawa wa New Zealand, na kazi yenyewe, Takapau, wameisuka kwa mikanda ile ya kufungia mizigo kwenye malori!! Umesimama chini yake unaangalia juu, mikanda imekatizana kama mkeka na mwanga unapenya katikati, kivuli chake kinakuangukia wewe na ukuta. Hakuna jina la mtu mmoja pale, ni la kundi. Na wala hawakuombwa wabaki na vitu "vya kale" ndo wakubalike, hilo nalo ni kosa kubwa, kumtaka mzawa alete ngozi na manyoya tu.

Pwaguzi88:
Naelewa ila mi nina wasiwasi na hizi ruhusa za wazee. Tukisema hiki kisipigwe picha, kile kisionekane na wengine, si tunarudi kulekule kufungia watu nje? Maonyesho ni ya wote bwana.

MzeeWaBrashi:
@Pwaguzi88 hoja yako ina uzito, ila ya wote kwa idhini ya nani? Kule Papunya, makazi ya wazawa jangwani Australia, wazee walipoanza kuchora kwenye mbao 1971, baadhi ya michoro ilibeba mambo ya siri ya jando, jamii jirani zikalalamika sana, na wachoraji wenyewe wakabadilika, mengine wakayaacha, mengine wakayafunika kwa nukta. Sanaa haikufa, ilichanua na leo inajulikana dunia nzima. Kunyimwa kuona kitu kimoja hakujamfungia mtu nje.

Na mfano wa wazee kushika usukani upo, maonyesho ya Te Maori, ya kazi za Wamaori, pale makumbusho ya Metropolitan, New York, 1984. Makabila yao yaliombwa idhini kwanza, halafu ufunguzi ukafanywa alfajiri, wazee wakaingia na sala zao mbele ya zile kazi, kwa sababu kwao ni mababu wale. Makumbusho ndo iliyofuata utaratibu wao.

Tunu_M:
Asanteni sana jamani. Kikao kijacho napeleka haya: nafasi ya jina la kundi au ukoo, sehemu ya kuandika nani ametoa idhini, na picha zisipigwe mpaka wenyewe waseme ndiyo. Halafu huo ukuta nataka tuufute kabisa, tuwaite kabla ya kugawa nafasi waseme wao kazi zikae wapi. Ila kuna mtu hapa ameshawahi kuandika mkataba ambao mwenye kusaini ni ukoo? Hapo ndo nimekwama, naombeni mwongozo.