Mstari wa kahawia chooni hautoki, na shimo la bafuni linanuka

Kigae_Kimoja
Wakuu, naombeni msaada. Choo cha kukaa kina mstari wa kahawia pale maji yanapoishia, na chini ya ukingo, kwenye vile vitundu vya kutolea maji, kumeota kitu kigumu kama kokoto. Nikimwaga blichi mstari unapauka, baada ya siku chache rangi inarudi. Pili, shimo la maji bafuni linatoa harufu ya mtaro, hasa asubuhi. Nianzie wapi, na kipi nisichanganye na kipi?

Koki na Bomba
Huo mstari si uchafu wa kusugua, ni chokaa. Maji yenye madini yakituama hujenga gamba, mkojo unaongeza lake, kutu na uchafu vinanasa humo. Blichi inaua vijidudu na kuondoa rangi, lakini gamba haliyeyushi. Rangi ikiondoka, gamba linabaki pale pale likisubiri rangi nyingine. Dawa ya chokaa ni asidi.

Kabla ya asidi, flashi mara tatu nne mpaka harufu ya blichi iishe kabisa, madirisha yakiwa wazi. Blichi ikikutana na asidi, hata siki tu, inatoa gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo hiyo si ya kuchezea.

Kisha funga koki ya tangi, flashi, na maji yaliyobaki yasukume kwa brashi kuelekea shimoni mpaka mstari ubaki nje ya maji. Wengi wanaruka hapa. Ukimimina asidi juu ya maji yaliyojaa, unaizimua kabla haijafanya kazi.

Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, inaweza kwa gamba jembamba. Kwa gamba nene chukua asidi ya sitriki ya unga, gramu 100 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka hapana: kauri baridi inaweza kupasuka.

Asidi haining'inii chini ya ukingo, itatiririka tu. Sokota karatasi ya chooni iwe kama kamba nene, ilowanishe, uibane chini ya ukingo kuzunguka. Nyingine bandika juu ya mstari. Acha usiku kucha. Asubuhi toa karatasi kwa glavu, tupa kwenye pipa (ukiziflashi zote pamoja utaanzisha uzi mwingine hapa), sugua, suuza. Gamba la miaka huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Vitundu vizibue kwa waya wenye ganda la plastiki, na uangalie kwa kioo kidogo, maana macho hayafiki.

Sabuni Kipande
Naongezea: mabaki yakigoma, jiwe la kusugulia miguu linaondoa, mradi jiwe na kauri vyote viwe vimelowa. Likiwa kavu linachora, na mchoro huo unashika uchafu kuliko mwanzo. Choo cha plastiki usilitumie kabisa.

Kigae_Kimoja
Asante sana. Je, siki na bikaboneti, ile ya kuumulia keki, ukivimwaga pamoja? Naona watu wanasifia lile povu.

Koki na Bomba
Povu ni tamasha tu. Asidi na bikaboneti vinauana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo na hewa ya ukaa. Bikaboneti peke yake, ikiwa uji mzito, ni nzuri kwa kusugua. Siki peke yake ni nzuri kwa chokaa.

Mfereji
Nijibu la bafuni. Chini ya kile kichujio kuna kona au kikombe kinachobaki na maji, kama sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo kizibo cha hewa ya mtaro. Jaribu hivi: harufu ikiwepo, mimina jagi moja la maji taratibu. Ikikatika baada ya muda mfupi, kizibo kilikuwa kimekauka.

Kwa nini kikauke usiku mmoja tu? Tafuta nywele. Fundo la nywele likilala nusu ndani ya maji na nusu upande wa pili wa kona, linanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, tone kwa tone mpaka asubuhi. Inua kichujio, vaa glavu, vuta nywele kwa waya uliokunjwa ncha. Utakutana na ute mweusi wa sabuni na mafuta ya mwili. Huo nao unanuka wenyewe, hata kizibo kikiwa kizima. Usugue kwa brashi ya chupa na sabuni ya maji, pamoja na kuta za bomba na upande wa chini wa kichujio. Suuza kwa maji ya moto ya kuvumilika. Yanayochemka hulegeza bomba za plastiki.

Kama nywele hazipo na kizibo bado kinapotea, sikiliza choo kikiflashiwa. Shimo likikoroma, maji yanavutwa kwa sababu bomba halipati hewa. Hapo ni kazi ya fundi, si ya brashi.

Sabuni Kipande
Usisahau bawaba za kiti cha choo. Fungua skrubu zake, inua kiti chote: chini yake mkojo hukauka ukawa gundi ya njano, na sakafu ukiipiga deki mara kumi harufu haiondoki. Maji ya moto na sabuni kwanza. Blichi usiiweke juu ya mkojo, inatoa gesi yake mbaya. Na brashi ukimaliza ibane kati ya kiti na ukingo idondoke maji, ndipo uirudishe kwenye kopo lake. Kopo lenyewe lina supu ya wiki ngapi, liangalie.

Kigae_Kimoja
Nimeinua kichujio sasa hivi. Fundo lipo, refu kama kidole. La kopo sijathubutu.