MREJESHO: Bata kunyofoana manyoya na banda kuloa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu bata 40 wa wiki 5: wananyofoana manyoya ya mgongoni, macho yana tongotongo, maranda yanaloa kila siku na uzito umedumaa.

Kilichosaidia zaidi ni kuhamisha maji. Vyombo sasa viko upande mmoja, juu ya wavu wenye mtaro chini yake, na vina kina cha kuzamisha kichwa kizima. Hili la kina msilipuuze: bata anayefikisha mdomo tu hawezi kuosha macho wala pua. Macho yalisafika ndani ya wiki moja, na maranda yanabaki makavu nikiongeza kidogo kila asubuhi.

Kupanua banda hadi bata 4 kwa mita ya mraba kumepunguza kunyofoana, hakujakomesha. Wawili wakorofi bado nimewatenga.

Miguu: chakula cha vifaranga wa kuku kina niasini (vitamini B3, inayosaidia miguu kuwa imara) kidogo mno kwa bata. Niliongeza chachu ya bia iliyokaushwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha chakula. Waliokuwa wakichechemea wanatembea vizuri. Watatu ambao miguu ilishapinda hawajanyooka. Anzeni kuwapa chachu tangu wiki ya kwanza. Uzito unapanda, ila bado hawajalingana.